Tamasha Lililosaidia Kuamsha Mji wa Charleston

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, madaftari yako wazi na kalamu ziko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: TAMASHA, RASI, MEYA, KODI. Tutakutana nayo mara nyingi katika somo la leo.

Swali letu leo ni hili: Je, muziki na michezo ya kuigiza yaweza kuufufua mji uliokufa biashara? Wako watu wasemao kwamba mambo hayo ni ya anasa tu, wala hayamsaidii mtu mwenye njaa. Wako wengine wasemao kwamba tamasha likija mjini, mali huja pamoja nalo. Ni nani asemaye kweli? Tusikilize habari za mji mmoja wa Marekani uliojaribu jambo hili kwa miaka mingi, kisha kila mmoja wenu ataamua mwenyewe.

1. Mji wenyewe

Mji huo huitwa Charleston. Uko katika jimbo la South Carolina, upande wa kusini-mashariki wa Marekani, kwenye pwani ya bahari ya Atlantiki. Waingereza waliuanzisha mwaka 1670. Sehemu yake ya kale imejengwa juu ya rasi. Rasi ni ulimi wa nchi kavu ulioingia majini. Upande mmoja wa rasi hiyo uko mto Ashley, upande wa pili uko mto Cooper, na mbele yake ni bandari. Kwa hiyo mji wa kale umezungukwa na maji pande tatu, na ardhi yake ni chache. Likumbukeni sana jambo hili la uchache wa ardhi, maana tutalirudia.

Zamani Charleston ulikuwa mji tajiri. Utajiri wake ulitokana na mpunga, na mpunga ulilimwa na watumwa. Waafrika wengi sana waliteremshwa katika bandari ile na kuuzwa. Hao ndio waliolima mashamba, waliofyatua matofali, na waliojenga majumba mazuri ambayo wageni huyatazama mpaka leo. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani mwaka 1865, baada ya vita kubwa ya wenyewe kwa wenyewe. Tangu hapo Charleston ukawa mji maskini kwa muda mrefu.

Lakini umaskini huo ulikuwa na faida moja ya ajabu. Watu hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya, basi nyumba za kale zikabaki. Mwaka 1931 mji ukatunga sheria ya kulinda mtaa wa kale, nayo ilikuwa sheria ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani yote. Mwenye nyumba katika mtaa huo hakuweza tena kuigeuza sura ya nje ya nyumba yake kama apendavyo, bila kuomba ruhusa.

2. Jinsi katikati ya mji palivyolala

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, watu wa Marekani walinunua motokaa kwa wingi. Mtu mwenye motokaa halazimiki kukaa karibu na kazi yake. Basi watu wengi waliokuwa na uwezo walihama kutoka katikati ya miji, wakajenga nje, mahali penye nafasi. Maduka nayo yakawafuata. Yalijengwa masoko makubwa ya kisasa nje ya mji, yenye viwanja vipana vya kuwekea motokaa.

Jambo hili lilitokea katika miji mingi ya Marekani, na Charleston pia. Barabara kuu ya maduka katika mji huo huitwa King Street. Maduka ya barabara hiyo yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine.

Sasa fikirini vizuri. Duka moja likifungwa, hasara si ya mwenye duka peke yake. Mteja aliyezoea kununua viatu hapo hupita pia kwa fundi cherehani na kwa muuza chai. Asipokuja kununua viatu, na hao wawili humkosa. Nao wakifunga, barabara huwa na giza jioni. Barabara ikiwa na giza, watu huogopa kupita. Watu wakiogopa kupita, hata duka lililobaki hufungwa. Tena duka lililofungwa halilipi kodi kama lile lenye biashara, na mji usiopata kodi hauwezi kutengeneza taa wala kufagia njia. Hivyo ndivyo katikati ya mji panavyolala. Ni kama kikapu kilichofumuka: ukitoka uzi mmoja, mwingine hufuata.

3. Mtunga muziki na meya

Sasa twende kidogo mpaka Italia, maana habari zetu zinaanzia huko. Alikuwako mtunga muziki aliyeitwa Gian Carlo Menotti. Alizaliwa Italia mwaka 1911, akafanya kazi yake kubwa Marekani. Alitunga opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na wapiga vyombo vya muziki huwa pamoja na waimbaji tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka 1958 Menotti alianzisha tamasha la sanaa katika mji mdogo wa Italia uitwao Spoleto. Akaliita Tamasha la Dunia Mbili, maana alitaka wasanii wa Ulaya na wasanii wa Marekani wakutane hapo.

Baadaye Menotti na wenzake walitaka tamasha la pili, ndugu wa lile la kwanza, liwe Marekani. Je, liwe wapi? Hawakutaka mji mkubwa sana, kwa sababu katika mji mkubwa tamasha hupotea kama tone la maji baharini. Walitaka mji ambao mgeni aweza kuuzunguka kwa miguu, wenye majumba ya michezo na makanisa ya kale yafaayo kwa muziki. Charleston ulikuwa na vitu hivyo vyote. Tazameni: nyumba zile zile zilizobaki kwa sababu ya umaskini, sasa ndizo zilizouita mgeni.

Wakati huo Charleston ulikuwa umepata meya mpya. Meya ni mkuu wa baraza la mji. Huyu aliitwa Joseph Riley. Alichaguliwa mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 32 tu, naye alikaa katika kazi hiyo kwa miaka 40, mpaka mwanzo wa mwaka 2016. Riley aliona kwamba tamasha si burudani tu, bali ni chombo cha kurudisha watu katikati ya mji.

Njia haikuwa nyepesi. Kabla tamasha halijaanza, baadhi ya waliokuwa wakilitayarisha waliingiwa na hofu juu ya fedha, na shughuli ikakaribia kuvunjika. Meya Riley akaenda kwa Theodore Stern, mkuu wa chuo kilicho katikati ya mji, akamwomba awe mwenyekiti. Stern alikubali. Tamasha likafunguliwa mwaka 1977, likaitwa Spoleto Festival USA.

4. Tamasha lilivyo

Tamasha hilo hufanywa kila mwaka mwanzoni mwa majira ya joto. Huanza katika siku za mwisho za mwezi wa Mei, likaendelea mpaka Juni. Kwa kawaida huchukua siku 17. Katika siku hizo huwa na opera, michezo ya kuigiza, ngoma za kisasa, muziki wa jazi, na muziki wa vyombo vichache unaopigwa katika ukumbi mdogo. Watu hutoka mchezo mmoja wakaenda kwa miguu kwenye mchezo mwingine, na katikati hupita mbele ya maduka na mikahawa.

Lakini tiketi za opera ni za bei kubwa, na wenyeji wengi hawakuweza kuzinunua. Tena wasanii wa mji wenyewe waliuliza: je, tamasha hili ni la wageni tu? Basi mwaka 1979 baraza la mji likaanzisha tamasha la pili, lifanywalo siku zile zile. Likaitwa Piccolo Spoleto. Neno piccolo katika Kiitaliano maana yake ni dogo. Katika tamasha hili dogo hucheza wasanii wa mji na wa majimbo ya karibu, na maonyesho yake mengi ni ya bure au ya bei ndogo. Huchezwa makanisani, katika bustani, na barabarani. Watoto nao huwa na maonyesho yao.

Jambo hili ni la maana sana. Tamasha la kwanza lilileta wageni. Tamasha la pili lilimfungulia mlango mwenyeji.

5. Fedha hupita njia gani?

Sasa tufanye hesabu ndogo isiyo na tarakimu. Tuifuate fedha ya mgeni mmoja, tuone inapita mikononi mwa nani.

Mgeni amefika Charleston kutazama opera. Amenunua tiketi. Fedha ya tiketi huwalipa waimbaji, wapiga muziki, maseremala wanaojenga jukwaa, washoni wa mavazi, na mafundi wa taa. Lakini fedha ya tiketi peke yake haitoshi kuendesha tamasha la namna hii. Zinazobaki huchangwa na watu wenye mali, na makampuni, na serikali pia husaidia.

Mgeni yule yule hulala hotelini. Mwenye hoteli huwalipa watandikaji wa vitanda, wapishi, na walinzi. Mpishi hununua kamba na samaki kwa mvuvi, na mboga kwa mkulima. Tena, juu ya bei ya chumba, mgeni hulipa kodi. Sehemu ya kodi hiyo hurudi kwa mji, na mji hupata fedha za kusaidia sanaa na kutengeneza mahali wanapopapenda wageni. Asubuhi mgeni huzunguka King Street, akanunua kitambaa au kikapu. Mwenye duka akiona wateja wanarudi, hupaka rangi mlango wake. Jirani yake akiona hivyo, naye hufungua duka lililokuwa limefungwa. Basi ule uzi wa kikapu sasa unasukwa tena.

Hiyo ndiyo njia ya fedha. Lakini msisahau kuuliza jambo moja: katika njia hiyo, ni nani apataye nyingi na ni nani apataye kidogo? Mwenye hoteli hapati sawa na mtandika vitanda. Mwenye jengo hapati sawa na mpangaji. Tamasha halibadilishi jambo hilo lenyewe.

6. Tamasha peke yake halitoshi

Msifikiri kwamba watu waliimba siku 17, kisha mji ukaamka. La, sivyo. Mwaka una siku 365. Ukitoa 17, hubaki 348. Katika siku hizo 348 mji wa Charleston ulifanya kazi nyingine nyingi.

Kwanza, hoteli. Katikati ya mji palikuwa na uwanja mtupu kando ya King Street. Meya Riley alitaka hapo pajengwe hoteli kubwa pamoja na maduka. Walinzi wa mji wa kale walipinga, wakasema jengo litakuwa refu mno na litaleta msongamano. Mambo yakafika mahakamani. Mabishano yalichukua miaka, na jengo likapunguzwa urefu. Mwisho likafunguliwa mwaka 1986, likaitwa Charleston Place.

Pili, bustani. Kando ya mto Cooper palikuwa na magati ya zamani yaliyochakaa. Mji ungeweza kuiuza ardhi hiyo kwa matajiri wajenge majumba ya kukaa. Badala yake ulifanya bustani ya watu wote, yenye viti vya kukalia na chemchemi za maji. Ilifunguliwa Mei 1990. Tazameni mwezi na mwaka huo. Miezi minane tu kabla yake, Septemba 1989, kimbunga kikali kiitwacho Hugo kilikuwa kimeupiga mji ule na kung'oa mapaa. Mji ukajenga upya.

Tatu, majumba ya michezo. Jumba liitwalo Dock Street Theatre ni mali ya mji. Lilitengenezwa upya, likafunguliwa tena mwaka 2010. Ukumbi mkubwa uitwao Gaillard ulibomolewa kwa sehemu kubwa na kujengwa upya, ukafunguliwa mwaka 2015. Majumba haya hutumika mwaka mzima, si wakati wa tamasha tu.

Nne, chuo. Chuo kilicho katikati ya mji kiliongeza wanafunzi na kuzitengeneza nyumba nyingi za kale. Wanafunzi hununua chakula na vitabu kila siku, hata wageni wakiwa hawapo.

Kwa hiyo tukisema tamasha liliufufua mji, tunasema nusu ya kweli. Kweli yote ni hii: tamasha lilikuwa kama baragumu. Baragumu huwaita watu, lakini halilimi shamba. Waliolima ni baraza la mji, wafanya biashara, chuo, mafundi, na walipa kodi.

Tena kutegemea wageni kuna hatari yake. Kituo kikubwa cha jeshi la majini kilichokuwa karibu na Charleston kilifungwa mwaka 1996, na watu wengi wakakosa kazi. Tangu hapo mji uliwategemea wageni zaidi kuliko zamani. Halafu mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Tamasha halikufanywa mwaka huo. Mwenye kutegemea mgeni, siku mgeni asipokuja hulala njaa.

7. Ni nani aliyebaki?

Sasa tumefika kwenye sehemu iliyo ngumu. Nawaomba mwisome polepole.

Nilisema mwanzoni kwamba ardhi ya rasi ile ni chache. Kitu kikiwa kichache, na watu wengi wakikitaka, bei yake hupanda. Hiyo ni kanuni ya soko, nanyi mnaijua kwa mahindi na kwa samaki. Katikati ya mji pakiwa pazuri, matajiri wa kutoka mbali hutaka nyumba hapo. Bei ya nyumba hupanda. Kodi ya nyumba hupanda. Mpangaji asiyeweza kulipa huondoka. Hata mwenye nyumba yake mwenyewe aweza kushindwa, kwa kuwa kodi ya serikali juu ya nyumba huenda pamoja na bei yake.

Mwaka 1980 wakazi walio wengi katika rasi ya Charleston walikuwa watu weusi, wajukuu wa wale waliojenga mji. Leo walio wengi ni watu weupe. Familia nyingi za watu weusi zimehamia mbali na katikati ya mji. Si tamasha peke yake lililofanya hivyo. Hoteli, chuo, bandari, viwanda vipya vya jimboni, na uzuri wa mji wenyewe, vyote vimepandisha bei. Lakini haifai kusifu mlango uliopakwa rangi bila kuuliza ni nani aliyekuwa akiishi nyuma ya mlango huo.

Hata ule ukumbi wa Gaillard una historia yake. Ulipojengwa mara ya kwanza, ukafunguliwa mwaka 1968, nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa ili kupata nafasi. Wengi wa waliohamishwa walikuwa watu weusi. Kisha mwaka 2013, ukumbi ulipokuwa ukijengwa upya, wafanyakazi waliochimba ardhi waliona mifupa ya watu. Ilikuwa makaburi ya zamani yaliyosahauliwa. Watu 36 walizikwa hapo katika karne ya kumi na nane, nao walikuwa Waafrika na watu wa asili ya Kiafrika. Wataalamu walichunguza mabaki hayo pamoja na wenyeji, na mwezi wa Mei 2019 watu hao walizikwa tena kwa heshima. Basi mahali ambapo watu husikiliza muziki, chini yake walikuwa wamelala wale ambao hakuna aliyekuwa amewaandikia majina.

Je, tamasha lenyewe liliyanyamazia mambo hayo? Mara nyingine lilisema. Mwaka 1991 wasanii wengi walialikwa kufanya kazi zao nje ya kumbi, katika nyumba za kale, na katika mitaa ambayo wageni hawakuizoea. Msanii mmoja mweusi, David Hammons, alikwenda mtaa wa East Side, uliokuwa mtaa wa maskini. Huko, kwa msaada wa fundi wa mtaani, alijenga nyumba nyembamba sana, yenye ghorofa mbili. Aliiita Nyumba ya Wakati Ujao. Ilitengenezwa kwa vipande vya namna za ujenzi wa Charleston, na mtu aweza kujifunza hapo majina ya sehemu za nyumba. Menotti mwenyewe hakuyapenda maonyesho ya mwaka ule. Palikuwa na mabishano makubwa, naye aliondoka katika tamasha mwaka 1993. Tamasha likaendelea bila yeye.

8. Mtu aliyeandika ukutani

Kabla ya kumaliza, nataka kuwaambia habari za opera moja, kwa sababu inatuhusu sisi tunaojifunza kusoma na kuandika.

Alikuwako mtu jina lake Omar ibn Said. Alizaliwa yapata mwaka 1770 huko Futa Toro, nchi ambayo leo ni sehemu ya Senegal. Alikuwa Mwislamu, naye alisoma kwa miaka mingi sana mpaka akawa mwanachuoni. Mwaka 1807 alikamatwa, akavushwa bahari, akauzwa mtumwa katika mji huu huu wa Charleston. Bwana aliyemnunua alikuwa mkatili, basi Omar akatoroka. Alikamatwa katika jimbo la North Carolina, akafungwa. Inasimuliwa kwamba humo kifungoni aliandika kwa Kiarabu juu ya kuta za chumba chake. Watu wakashangaa. Walidhani mtumwa hajui kitu, kumbe aliyefungwa alikuwa amesoma kuliko wengi wao.

Mwaka 1831 Omar aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiarabu. Alikufa bado mtumwa. Lakini maandiko yake hayakufa. Leo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mwaka 2022 tamasha la Charleston lilionyesha kwa mara ya kwanza opera iitwayo Omar. Iliandikwa na mwanamke mwanamuziki, Rhiannon Giddens, naye alitunga muziki wake pamoja na Michael Abels. Mwaka 2023 opera hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer, ambayo ni tuzo kubwa kabisa ya utunzi wa muziki katika Marekani. Mtu aliyeuzwa katika mji ule akarudi humo, miaka 215 baadaye, akiimbwa kwa jina lake. Aliweza kurudi kwa sababu alijua kuandika. Wale 36 wa makaburini hawakuwa na karatasi.

9. Tujifunze nini?

Ndugu zangu, huenda siku moja mtaa wenu nao utataka kutengenezwa. Huenda mtaitwa mkutanoni, mkaambiwa kwamba litakuja tamasha, au soko jipya, au hoteli. Msikatae kwa sababu ni jambo geni, wala msikubali kwa sababu ni jambo zuri kulisikia. Ulizeni maswali haya matatu.

Swali la kwanza: Baada ya wageni kuondoka, ni kazi gani itabaki kwa mwaka mzima?

Swali la pili: Je, mwenyeji asiye na fedha nyingi ana nafasi yake katika jambo hili, kama wenyeji wa Charleston walivyopata tamasha lao dogo?

Swali la tatu: Bei ya nyumba ikipanda, ni nani atakayelindwa, na kwa maandishi gani? Nasema kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo haisomeki mahakamani. Takeni karatasi. Isomeni yote kabla ya kutia sahihi. Ndiyo maana mko darasani.

Sasa nirudie swali letu la mwanzo. Je, muziki na michezo yaweza kuufufua mji? Charleston unatujibu hivi: yaweza kuwaita watu warudi, na hilo si jambo dogo. Kuufufua mji ni kazi ya kila siku, na hata kazi hiyo ikifanikiwa, mji waweza kuamka huku baadhi ya wenyewe wamekwisha kuhama. Kazi ya raia ni kuangalia mambo yote mawili kwa pamoja.

Maswali ya darasa

(1) Mji wa Charleston uko wapi, na kwa nini ardhi yake ni chache?
(2) Eleza kwa maneno yako jinsi kufungwa kwa duka moja kunavyoweza kufunga mengine.
(3) Kwa nini baraza la mji lilianzisha tamasha la pili mwaka 1979?
(4) Taja kazi tatu ambazo mji ulifanya zaidi ya tamasha.
(5) Omar ibn Said alikuwa nani? Kujua kuandika kulimsaidia nini?
(6) Mwaka 1977 mpaka mwaka 2022 ni miaka mingapi? Fanya hesabu katika daftari lako.

Kazi ya nyumbani: Andika sentensi kumi juu ya barabara ya maduka au soko unalolijua. Zamani palikuwaje? Leo pakoje? Ni nani aliyekuwa akiuza hapo ambaye sasa hayupo, na alikwenda wapi? Ukiweza, kamuulize mzee mmoja wa mahali hapo, uandike aliyosema.

Mwalimu wa darasa, tafadhali wape wanafunzi nafasi ya kusomeana sentensi zao siku tutakapokutana tena. Kwaherini, na someni kwa bidii.